Shoka Halianzi Mkononi

Asubuhi ile mwanafunzi wangu alikuwa ameshapiga mipira kama sitini, na karibu yote ilikuwa imeishia kwenye miti ya upande wa kulia. Ni mfanyabiashara wa mbao, mzaliwa wa vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyeanza gofu Kampala baada ya vita kumtenga na kwao. Alikuwa ameloa jasho. Akaegemea fimbo yake, akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mwalimu, uliniambia nigeuze mwili. Nageuza mpaka mgongo unalia. Mbona mpira unanikimbia?"

"Mzee wangu," nikamuuliza, "kwenu mti mnaukata na nini?"

"Na shoka. Na nini tena?"

"Basi niangushie huu." Nikamwonyesha hewa tupu mbele yake.

Alicheka, lakini alitii. Akatanua miguu, akaupima kwa macho ule mti usiokuwepo, akarudisha fimbo kuelekea bega la kulia. Na kabla mikono haijamaliza safari ya kurudi nyuma, goti lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kwenda mbele. Nyonga zikafuata goti, kifua kikafuata nyonga, mikono ikaja mwisho, na fimbo ikapasua hewa kwa mvumo ambao sikuwa nimeusikia kwake tangu tuanze. Akasimama pale akiwa amekanyaga mguu wa kushoto, wa kulia umebaki juu ya ncha ya kiatu. Akageuka na macho yamemtoka.

"Hii iko kama kukata muti!"

Iko hivyo kweli, na kwa muda mrefu sikuwa nimeliona. Nilizaliwa upande ule ule wa vilima, juu ya Sake, nikakata karatusi za mkaa pamoja na mjomba kabla sijajua kwamba kuna mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo. Lakini nilipojifunza ualimu wa gofu nilijifunza kwa lugha ya wengine, nikawa nawaambia wanafunzi wangu: geuza mabega nyuzi 90, geuza nyonga nyuzi 45, shika hapa, kunja pale. Yote ni sahihi, na karibu yote hayakuwasaidia. Mchezaji wa ridhaa anayekuja kwangu hana upungufu wa kugeuka. Anageuka sana, ila viungo vyake havifuatani. Na mfuatano huo hauingii mwilini kwa kuamrishwa kiungo kimoja kimoja.

Kwanza tuutazame mpigo wenyewe. Mchezaji mzuri hutumia karibu sekunde 0.8 kupandisha fimbo na karibu robo ya sekunde kuishusha hadi kwenye mpira. John Novosel, Mmarekani aliyehesabu picha moja moja katika video za mabingwa, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2004 kwamba uwiano huo hukaribia tatu kwa moja, awe mchezaji mwenye haraka au mwenye utulivu. Ndani ya ile robo ya sekunde kuna foleni. Nyonga hufikia kasi yao ya juu kwanza, halafu kifua, halafu mikono, halafu fimbo. Wachezaji wa kulipwa wanapopimwa kwa vihisio, nyonga huzunguka kwa kasi ya nyuzi 400 hadi 500 hivi kwa sekunde, kifua 600 hadi 700, mikono hukaribia 1,000, na fimbo hupita 2,000. Kila kiungo kikishafika kileleni hupunguza mwendo, na kupungua kwake ndiko kunakokirusha kiungo kinachofuata. Nyonga za bingwa zinakuwa zimeshaanza kutulia wakati mpira bado haujaguswa. Mtu akiitazama picha hiyo kwa mara ya kwanza hudhani bingwa amekosea breki. Kumbe pale ndipo nguvu inapohamia.

Watu wa Walikale, wilaya ya jirani na Masisi, hawahitaji vihisio kulielewa jambo hili. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, wenyeji wa Walikale, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 na kuuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa huzaliwa akiwa tayari ameshika konga, yaani usinga, na kwa huo usinga hufanya makubwa yake yote. Chukua usinga wowote uupunge. Kiwiko kinatangulia, kiganja kinafuata, na nywele za ule mkia zinakuja mwisho, kwa kasi kuliko vyote. Ukitaka nywele ziende haraka zaidi ukakaza kiganja, umeshaua mchezo wote: usinga unageuka kijiti. Ndivyo mchezaji wa ridhaa anavyofanya anapoona bendera iko mbali. Anakaza.

Sasa angalia kinachompata. Amesikia "geuza mwili", basi anarudi nyuma mzima mzima kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba zake: nyonga, kifua, mikono, vyote pamoja. Akifika juu hana kilichobaki nyuma ya kingine, hivyo hana kitu cha kuvuta kitu. Kilicho karibu na hasira yake ni mabega na mikono, basi anaanza navyo. Bega la kulia linarushwa mbele, fimbo inatupwa nje ya njia yake, inakuja kwenye mpira ikikata kutoka nje kuingia ndani. Mpira huanza safari karibu na pale uso wa fimbo ulipotazama, kisha hupinda kwa kadiri uso huo ulivyotofautiana na njia ya fimbo. Njia ikienda kushoto na uso ukabaki wazi, mpira unapinda kulia, na kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyopinda zaidi. (Nazungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze maneno.) Mzee wangu alikuwa anajilaumu kwa kutojituma, wakati kila juhudi aliyoiongeza ilikuwa inazidisha ugonjwa.

Walimu tulichangia kosa hili. Mwaka 1992 mwalimu Jim McLean aliandika makala iliyosomwa sana kuhusu pengo kati ya mzunguko wa mabega na mzunguko wa nyonga mchezaji anapokuwa juu kabisa ya mpigo. Ilikuwa hoja nzuri, lakini watu waliichukua nusu. Wakaanza kufunga nyonga kwa makusudi na kusokota mabega juu yake, wakiamini kwamba anayejisokota zaidi ndiye atakayepiga mbali. Mwaka 2001 mtafiti Phil Cheetham na wenzake wakapima wachezaji mahiri na wa kawaida, na walichokipata kilipaswa kubadilisha masomo yetu. Pengo la kileleni halikuyatenganisha vizuri makundi hayo mawili. Kilichoyatenganisha ni kilichotokea mwanzoni mwa kushuka: nyonga za mahiri zilianza kurudi huku kifua bado kimebaki nyuma, pengo likapanuka kwa asilimia 19 hivi, wakati kwa wale wa kawaida lilipanuka kwa asilimia 13. Bingwa Ben Hogan alikuwa ameshaandika tangu mwaka 1957 kwamba kushuka kunaanzishwa na nyonga. Alilijua kwa kulihisi. Vihisio vilikuja kumthibitisha baada ya miaka arobaini na minne.

Nirudi kwenye shoka, maana hapo ndipo nina mengi ya kusema.

Sijawahi kuona bendera ya gofu Masisi. Kuna nyasi, tena za kijani kuliko za viwanja vingi ninavyovijua: malisho ya ng'ombe yanayopanda na kushuka kutoka Mushaki mpaka Kitchanga, ukungu wa asubuhi, karatusi pembeni. Mgeni mmoja mpenda gofu aliwahi kuniambia, akitazama picha nilizomwonyesha, kwamba Mungu alitengeneza uwanja pale akasahau kuchimba mashimo. Walikale ni nchi nyingine kabisa: unashuka kuelekea magharibi, joto linaongezeka, msitu unafunga mbingu, na wilaya moja ile ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 23,000. Kule juu kazi ni jembe na ng'ombe. Kule chini ni shoka, panga na mzigo mgongoni. Lakini kote kuwili mwili wa mtu unajengwa na kazi inayoanzia kwenye unyayo.

Mtu anayelima Masisi hulima kwenye mteremko mkali, mguu mmoja juu, mwingine chini. Asipojua uzito wake umekaa kwenye mguu upi, atabingirika pamoja na viazi vyake. Wanawake wawili wanaotwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja hawapandishi mchi kwa mikono. Mchi unapandishwa na magoti na nyonga, mikono inauongoza tu, vinginevyo wangechoka kabla majani hayajalainika. Na mkata mti wa Walikale, anayelikabili gogo ambalo litamchukua nusu siku, hana anasa ya kupiga kwa mabega. Ukimtazama mwenye uzoefu utaona mambo mawili. La kwanza, mguu wa mbele unapokea uzito wakati shoka bado liko nyuma. La pili, hana haraka kule juu. Shoka hukawia kidogo sana, kama linaloitika, halafu ndipo linakuja. Kule kukawia ndiko Cheetham alikokupima kwa mashine.

Mjomba wangu alikuwa na msemo wake. Nikipiga vibaya, shoka likadunda na kunitikisa viwiko, alikuwa akisema, "Umekata na mkono." Hakuniambia kamwe "geuza nyonga". Alinionyesha kidole mahali kwenye mti ambapo alitaka kovu lifunguke, akasema nifungue pale. Na mwili wangu wa miaka kumi na mitatu ulijipanga wenyewe kulifikia lile kovu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya Gabriele Wulf, mtafiti wa ujifunzaji wa mienendo. Mwaka 1999 yeye na wenzake waliwachukua watu wasiojua gofu, wakawafundisha mipigo mifupi. Kundi moja liliambiwa lifikirie mwendo wa mikono yake, jingine lifikirie mwendo wa fimbo. Fimbo sawa, mpira sawa, mwalimu sawa. Waliofikiria fimbo walilenga vizuri zaidi, si siku ya mazoezi tu bali hata walipojaribiwa baadaye. Tangu wakati huo matokeo ya namna hiyo yamerudiwa katika michezo mingi. Mtu akiufikiria mwili wake, huuingilia; akikifikiria kitu kilicho nje yake, mwili hujipanga. Nilipoisoma nilimkumbuka mjomba na kidole chake kwenye gome la mti.

Robo ya sekunde haitoshi kufikiria mambo manne. Haitoshi hata kufikiria moja vizuri. Ndiyo maana naamini, na nalisema wazi kwa walimu wenzangu, kwamba mwanafunzi aliyekulia kwenye shamba au msitu tusimfundishe mfuatano kama kitu kigeni. Tayari anao. Kazi yetu ni kumrudisha kwenye kazi anayoijua, kisha kuihamishia polepole kwenye mpira.

Hata hivyo kuihamisha kuna mitego yake, nami nimenaswa humo.

Shoka hukoma kwenye mti. Fimbo ya gofu haipaswi kukoma. Mwanafunzi ninayemfundisha kwa shoka peke yake huja kupiga mpira kisha anazuia, kana kwamba mpira ni gogo; mikono inakakamaa, viwiko vinauma. Jembe lina tatizo jingine: linapanda na kushuka wima, hivyo aliyezoea jembe hupiga chini, anachimba udongo kabla ya mpira, na anaikunja ile sehemu ya mgongo isiyotaka kukunjwa. Kwa hiyo shoka nalitumia kumwonyesha nani atangulie. Baada ya hapo namwachisha shoka, nampa fyekeo.

Nani kati yetu hajafyeka nyasi za shule? Kwetu Kivu, enzi za Zaire, kulikuwa na salongo, ile kazi ya lazima ya umma, na watoto tulipangwa mstari mmoja na mafyekeo yetu, ule upanga mrefu uliopinda ncha. Fyekeo halikomi. Linapita chini, karibu na ardhi, linakata na kuendelea, na uzito unasafiri kutoka mguu hadi mguu bila mtu kuuamrisha. Mfyekaji mzuri hakati unyasi mmoja. Anakata njia nzima. Nikimwambia mwanafunzi, "Usipige mpira, fyeka njia ambayo mpira umekaa katikati yake," mara nyingi mambo matatu yanajirekebisha kwa pamoja: fimbo inapita chini badala ya kuchimba, mikono inalegea, na kifua kinamaliza kikitazama bendera.

Kwa hiyo zoezi langu linaanza bila mpira. Mwanafunzi anashika fimbo kwa usawa wa kifua, anakata mti wa hewani mara tano au sita, akisikiliza mvumo. Mvumo ndio mwalimu wa kwanza: ukilia nyuma, upande wa bega la kulia, nguvu imetumika mapema, tunautaka ulie mbele, kupita pale mti ulipo. Kisha anainama kidogo kidogo, kutoka kifuani hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi magotini, mti unageuka kuwa kichaka, kichaka kinageuka kuwa nyasi. Akifika chini, namwambia asimame miguu pamoja, apandishe fimbo, na wakati fimbo bado inapanda apige hatua ya mguu wa kushoto kuelekea bendera, ndipo afyeke. Huwezi kufanya zoezi hili kwa mikono kwanza. Ile hatua inakulazimisha kuanzia chini. Wiki ya kwanza mpira haupo kabisa, na kwa mtu aliyelipia masomo hilo ni gumu kumeza, lakini mimi siharakishi.

Sasa niseme juu ya mgongo, maana watu wengi wanaacha mchezo huu kwa sababu yake, na maumivu ya mgongo wa chini ndiyo malalamiko ya kwanza miongoni mwa wacheza gofu.

Pingili tano za kiuno hazikuumbwa kuzunguka. Kwa jumla hupata nyuzi kama kumi kila upande, kisha vifundo vyake vya nyuma vinagonga na kusema basi. Sehemu ya kifua ya uti wa mgongo hutoa nyuzi 30 hadi 35. Na kiungo cha nyonga chenyewe, pale mfupa wa paja unapoingia kwenye fupanyonga, hutoa nyuzi 35 hadi 45 za kuzungukia ndani kwa mtu aliye sawasawa. Kwa hiyo unapoambiwa "geuza kiuno", umeambiwa utumie sehemu iliyo maskini kuliko zote. Matajiri ni wawili: nyonga chini na kifua juu. Mmoja wao akikataa kutoa, maskini wa katikati ndiye anayelipa deni. Utafiti wa Vijay Vad na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 uliwakuta wachezaji wa kulipwa waliowahi kuumwa mgongo wakiwa na nyonga ya mbele iliyobana, isiyozunguka ndani vya kutosha. Seve Ballesteros, aliyekuwa na mpigo wa kupendeza kuliko karibu wote, alisumbuliwa na mgongo sehemu kubwa ya maisha yake. Tiger Woods alifanyiwa upasuaji wa kwanza wa mgongo mwaka 2014. Kama hao walilipa, mimi na wewe tutalipa vilevile.

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu miili ya kwetu. Kazi iliyowapa watu wa Masisi na Walikale mfuatano mzuri ndiyo hiyo hiyo iliyowafunga vifua. Mama aliyebeba kuni kwa mkanda unaopita kipajini tangu utotoni ana shingo imara na kifua kilichoganda. Kijana aliyebeba mifuko ya kasiteriti, madini ya bati, ya kilo 50 kutoka machimbo ya Bisie huko Walikale kupitia msituni hadi barabarani, kabla ya mgodi wa kiwanda kuanza kuzalisha mwaka 2019, ana mapaja ya chuma na mgongo wa mzee. Mizigo ile ilifika Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara, ikapakiwa kwenda Goma. Lakini mpaka ifike pale, kila kilo ilikuwa imepita juu ya uti wa mgongo wa mtu. Mtu wa namna hiyo akija kwenye gofu, simwambii ageuke zaidi. Nampima kwanza.

Kipimo ni rahisi, hata wewe unaweza kujipima nyumbani. Kaa kwenye kiti, magoti pamoja, bana kitu katikati yake, kama mto, ili nyonga zisisogee. Weka fimbo ya ufagio kifuani, ikunjie mikono juu yake, geuka kulia halafu kushoto bila kuinama. Ukifika nyuzi 45 hivi, nusu ya njia kuelekea ubavuni, kifua chako kinafanya kazi. Ukikwama mapema, tatizo lako linaanzia hapo, na masomo ya mpigo yatakuumiza. Kisha, ukiwa bado umekaa, achanisha magoti kidogo na utupe nyayo nje, mguu mmoja mmoja, goti likibaki mahali pake. Mguu unaokwenda kidogo kuliko mwenzake ndio unaobana. Ukiwa ni wa kushoto, geuza ncha ya kiatu cha mguu huo nje kidogo unaposimama kwenye mpira, kama kuelekea namba 11 kwenye uso wa saa au kabla yake kidogo. Marekebisho madogo sana, na migongo mingi imeshukuru.

Kifua kilichoganda hufunguka kwa subira. Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, weka kiganja kimoja nyuma ya kichwa, elekeza kiwiko angani, kirudishe chini, mara nane kila upande, asubuhi na jioni. Sijui njia ya mkato, na nina shaka na anayeiuza.

Siku hizi mwanafunzi hujirekodi kwa simu, na nalitia moyo jambo hilo. Simu nyingi hurekodi picha 240 kwa sekunde, kwa hiyo ile robo ya sekunde ya kushuka inakupa picha 60 za kutazama moja moja. Usitazame kichwa cha fimbo, kitakupumbaza. Tazama kitu kimoja tu, kishikizo cha mkanda wa suruali. Tafuta picha ambayo kishikizo kimeanza kurudi kuelekea bendera, na uangalie mikono iko wapi kwenye picha hiyo hiyo. Ikiwa bado inapanda, au imesimama tu, umepata mfuatano. Ikiwa imeshaanza kushuka, mikono imetangulia, rudi kwenye mti wa hewani. Katika simu hiyo hiyo kuna vijidude vya tantali vinavyotunza umeme, na sehemu kubwa ya tantali ya dunia, karibu asilimia 15 kwa makadirio yanayotumiwa sana, huchimbwa Rubaya, hukohuko Masisi, kwa sururu na koleo. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 Aprili 2024. Kila mwanafunzi anapoinua simu kunionyesha mkanda wake, nawawaza wanaume wale kwenye mashimo ya udongo, ambao wanajua kuliko sisi wote namna nguvu inavyotoka kwenye unyayo, na ambao hakuna anayewarekodi.

Hata Ballesteros alijifunza kwa fimbo moja ya chuma, namba 3, kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña huko Hispania, kwa sababu hakuwa na nyingine na hakuruhusiwa uwanjani. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open pale Muthaiga. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza vivyo hivyo, wakibeba mifuko ya wengine na kupiga mawe kwa matawi jioni. Hakuna aliyewapa orodha ya viungo. Walikuwa na kitu cha kugonga na mahali pa kukipeleka.

Mzee wangu wa mbao ameendelea. Wiki ya tatu nilimrudishia mpira, fimbo namba 7, bila kumwambia neno juu ya mabega. Alisimama nyuma ya mpira, akatazama mbele kwa muda, mpaka nikadhani amesahau alichokuja kufanya. Nikamuuliza anatazama nini.

"Natafuta mahali utakapoangukia," akasema.

"Mpira?"

"Muti."

Akaingia, akapandisha, goti la kushoto likatangulia. Mpira ulipinda kidogo kulia, ukaanguka kwenye nyasi fupi. Kwenye simu, kishikizo cha mkanda kilianza kurudi picha sita kabla ya mikono.

"Mwalimu," akaniambia, akiirudisha video mwanzo, "nitumie hii. Nataka kaka yangu aione." Kaka yake amebaki Nyabiondo, bado anakata miti.